Kutoka mdomoni hadi kwenye bamba: mwongozo kamili wa kuchapa kikinga cha meno kwa printa ya 3D

Kikinga cha kwanza nilichochapa hakikuingia mdomoni. Upande wa kulia kilikaa vizuri, wa kushoto kikainuka kama mfuniko wa sufuria isiyo yake. Nililaumu printa wiki nzima. Nikabadili mipangilio, nikasawazisha bamba, ile sahani ambayo kazi hushikia ikichapwa, mara tatu, nikachapa tena na tena hadi nusu chupa ya resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda kwa mwanga, ikaisha. Mwishowe nikaifungua skani yenyewe, yaani picha ya kidijitali ya meno, na kuikuza. Nyuma ya gego la mwisho la kushoto kulikuwa na dimbwi dogo la mate, na skana ilikuwa imelirekodi kama sehemu ya jino. Printa ilikuwa imechapa mate yale kwa uaminifu mkubwa.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu karibu kila kazi mbovu niliyoiona tangu hapo iliharibikia kabla ya kufika kwenye printa au baada ya kutoka. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye skani na kwenye kuosha, na mashine yenyewe unaipitia haraka kidogo. Nitafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kikinga cha usiku kwa mtu anayesaga meno usingizini. Kazi hii haina kisu wala ganzi, mgonjwa anaweza kukivua wakati wowote, na kikiwa kibaya kinajulikana papo hapo. Ukiimudu, umejifunza sehemu kubwa ya unachohitaji kwa meno bandia na kwa miongozo ya upasuaji.

Printa inafanya nini hasa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Chuck Hull alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni iliyotumia taa za UV kugandisha utando wa plastiki juu ya meza. Akawaza: kama tabaka moja jembamba linaganda kwa mwanga, kwa nini nisipange matabaka mengi, moja juu ya jingine, hadi nipate umbo? Aliomba hataza mwaka 1984 na kuipata 1986. Printa nyingi za maabara ya meno leo bado zinafanya vivyo hivyo. Kuna beseni la resini ya majimaji, mwanga unatoka chini, na bamba linapanda kidogo kidogo huku kazi ikining'inia kichwa chini.

Tofauti iko kwenye chanzo cha mwanga. Zipo zinazotumia leza, ambayo inachora kila tabaka kama kalamu. Zipo zinazotumia projekta. Za bei nafuu, ambazo ndizo wengi wetu tunaanza nazo, zinatumia skrini ya LCD inayoruhusu au kuzuia mwanga kwa umbo la tabaka zima kwa mkupuo mmoja. Nyingi zinafanya kazi kwa mwanga wa nanomita 405, baadhi 385. Namba hiyo iangalie kabla ya kununua resini, kwa sababu resini iliyotengenezwa kwa mwanga mmoja inaweza isigande sawasawa kwa mwingine.

Neno moja kwa wateja wanaokuja wakitaka "jino la 3D". Krauni (kofia za jino) za zirkonia, ile kauri ngumu, kwa sehemu kubwa huchongwa kutoka kwenye kipande kigumu, hazichapwi. Kazi ya kuchonga vitu vya meno kwa kompyuta ni kongwe vilevile: mfumo wa CEREC ulimhudumia mgonjwa wake wa kwanza Zurich mwaka 1985. Hata zile plastiki angavu za kunyoosha meno zilizosambazwa na kampuni ya Align, iliyoanzishwa 1997, zimetengenezwa miaka yote hiyo kwa kuchapa modeli ya meno kwa kila hatua, kisha karatasi ya plastiki ikapashwa moto na kubanwa juu ya modeli. Kilichochapwa ni modeli, na mgonjwa huwa haioni. Kwa hiyo usiuze mashine yako ya kuchongea.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chupa

Printa, mashine ya kuoshea au makopo mawili yenye mifuniko, kisanduku cha kukomazia (kumalizia ugandaji) chenye taa za UV na joto, isopropili (alkoholi ya kuoshea) ya asilimia 99, glavu za naitraili, miwani, na chumba chenye hewa inayopita. Kwetu huku ongeza UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hata kama printa yako inajua kuendelea ilipoishia, mstari ule unabaki kuwa mahali dhaifu, na kikinga kitakatikia hapo hapo.

Dirishani bandika karatasi ya njano au ya chungwa inayozuia UV. Jua la saa nne likiingia kwenye beseni lililo wazi, resini itaanza kuganda kabla hujaitaka.

Resini yenyewe ndiyo sehemu usiyoweza kuifanyia ubahili. Resini ya modeli haiingii mdomoni, hata kwa dakika tano, hata kama ina rangi nzuri. Ya kikinga iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo na kupimwa usalama wake kwa mwili kwa viwango vya ISO 10993. Kwa Tanzania uliza kama bidhaa inatambuliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Kenya Bodi ya Famasia na Sumu. Kisha soma karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi. Usalama ulioandikwa kwenye chupa umethibitishwa kwa printa fulani, muda fulani wa kuosha na taa fulani ya kukomazia. Ukibadili kimojawapo kwa kubahatisha, ile ahadi ya chupa si yako tena.

Na glavu si mapambo. Resini mbichi huamsha mzio wa ngozi, na mzio huo ukishakuingia hauondoki. Ninamjua fundi aliyezoea kufuta bamba kwa vidole vitupu, na leo hawezi hata kushika akriliki ya kawaida bila kutoka vipele.

Hatua ya 1: Skani, au kipimo

Kama daktari ana skana ya mdomoni, mwambie, kwa heshima zote, akaushe meno kwanza. Apulize hewa, aweke pamba pembeni ya shavu, na afyonze mate nyuma ya magego kila yanapojikusanya. Apite kwanza juu ya sehemu ya kutafunia kutoka gego hadi gego, arudi kwa upande wa ulimi au kaakaa, amalizie upande wa shavu. Kuruka huku na huko kunaichanganya programu, na kwa kuwa inaunganisha picha ndogondogo mfululizo, kosa dogo la upande mmoja linakuwa kubwa linapofika upande wa pili. Ndiyo maana skani ya meno manne huwa sahihi kuliko ya taya zima. Kikinga kinataka taya zima, basi haraka haina nafasi.

Jambo ambalo madaktari wengi hulisahau ni mng'ato, yaani jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Usikubali skani ya meno yaliyofungwa kabisa ukategemea kufungua taya ndani ya programu. Programu inakisia mhimili wa taya, mgonjwa anao wake. Daktari aweke nta au vipande vyembamba vya plastiki kati ya meno ya mbele mpaka magego yaachane kama milimita 2, kisha askani mng'ato ukiwa hivyo. Dakika mbili hizi zinakuokolea nusu saa ya kuchonga baadaye.

Hakuna skana ya mdomoni? Kipimo cha kawaida kinatosha. Alginate, ule unga wa kuchukulia kipimo cha meno, imiminiwe plasta mara moja, maana ikiachwa wazi inaanza kunywea ndani ya dakika chache. Plasta ikauke kabisa, ondoa viputo kwa kisu kidogo, halafu skani modeli kwa skana ya mezani. Njia hii haina fahari, lakini modeli nzuri ya plasta inaishinda skani mbovu siku yoyote.

Faili ikifika, usiipeleke moja kwa moja kwenye kubuni. Ikuze. Zungusha. Tafuta matundu, mabonge, kingo zilizojirudia mara mbili kama kivuli. Tafuta mate.

Hatua ya 2: Kubuni

Programu za kulipia kama exocad na 3Shape zina sehemu maalumu ya vikinga. Zipo pia zinazoanza bure na kutoza unapotoa faili, kama Blue Sky Plan. Yoyote utakayotumia, maamuzi ni yaleyale.

Kwanza njia ya kuingilia. Kila jino lina tumbo, na chini ya tumbo linaingia ndani. Kikinga kikishuka sana chini ya tumbo hakitaingia, kisipofika kabisa hakitashika. Programu itaziba sehemu hizo kwa nta ya kidijitali. Wewe unachagua uache kiasi gani cha kushikia. Anza kidogo. Kikinga kilicholegea kidogo kinavumilika, kinachobana kitakurudishia mgonjwa usiku wa kwanza.

Pili nafasi kati ya kikinga na jino. Mimi naanzia milimita 0.1, na kulingana na resini naishia popote kati ya 0.05 na 0.15. Hakuna namba ya dunia nzima. Chapa kipande cha meno matatu kwa nafasi tofauti, vijaribu juu ya modeli, andika ukutani ile iliyokubali.

Tatu unene. Juu ya magego nisingekwenda chini ya milimita 2 kwa resini ngumu. Msagaji wa kweli atatoboa chochote chembamba. Mgonjwa atalalamika kwamba ni kinene. Mwache alalamike wiki moja.

Hatua ya 3: Kupanga na kuchapa

Sasa programu ya kukata matabaka. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Kikinga kilicholazwa kina kimo cha kama milimita 20. Kwa tabaka la mikroni 100 (milimita 0.1) hayo ni matabaka 200. Ukikisimamisha kwa mshazari kinafika milimita 45, yaani matabaka 450. Kila tabaka likichukua sekunde 8 pamoja na bamba kupanda na kushuka, cha kwanza kinaisha kwa dakika kama 27, cha pili kwa saa moja kamili. Kwenye printa za LCD na projekta, kimo pekee ndicho kinachokula muda. Vikinga vinne kwenye bamba vinachukua muda uleule wa kimoja.

Basi kwa nini usilaze vyote? Kwa sababu sehemu pana iliyolala inanyonyana na sakafu ya beseni kila inapoinuliwa, na kunyonyana huko kunapinda kazi au kuibandua kabisa. Mimi nakisimamisha kwa mshazari, sehemu ya kuvaa ikitazama mbali na bamba, ili nguzo zote zinazoishikilia kazi wakati wa kuchapa ziwe nje. Hii ni sheria nisiyoivunja: nguzo haigusi upande unaokaa juu ya meno. Kila nguzo inaacha chunusi, na chunusi moja ndani inatosha kuinua kikinga kizima. Modeli ni tofauti. Yenyewe ina kitako bapa, ilaze tu.

Tikisa chupa vizuri, rangi hujikusanya chini. Resini inapenda joto la kama nyuzi 25 hadi 30. Dar hili halikusumbui, lakini Nairobi, Arusha au Mbeya mwezi wa Julai resini inakuwa nzito kama asali ya asubuhi, na tabaka linashindwa kujaa kabla mwanga haujawaka. Pasha chumba, au weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, ikiwa imefungwa.

Mara moja kwa mwezi chapa mchemraba wa milimita 20, uoshe, ukomaze, ndipo uupime kwa kalipa, ile rula yenye mataya. Ukiwa 20.1 kila upande, rekebisha kipimo kwenye programu. Ukiupima kabla ya kuukomaza unajidanganya, maana resini husinyaa kidogo inapokomaa.

Hatua ya 4: Kuosha na kukomaza

Hapa ndipo fundi anaharakisha, kwa sababu kazi inaonekana imeisha. Haijaisha. Kinachotoka kwenye beseni ni kitu kibichi, kimepakwa resini isiyoganda, na hata ndani yake ugandaji haujakamilika.

Kopo la kwanza la isopropili ni la kutoa uchafu mkubwa: dakika 3. Kopo la pili, safi, dakika 2. Pitisha brashi laini ndani ya mashimo ya magego. Fuata muda wa maelekezo yako, lakini usidhani kuzidisha ni usafi zaidi. Alkoholi inapenya kwenye plastiki mbichi, inailainisha, na baadaye unaona nyufa ndogo usijue zimetoka wapi. Nimewahi kukuta kazi imelala kwenye kopo tangu jana jioni. Ilitoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Puliza kwa hewa ya kompresa, kisha iangalie dhidi ya mwanga. Sehemu iliyosafika inakuwa na uso mkavu uliofifia. Ukiona mahali panang'aa kama pamepakwa mafuta, hiyo ni resini mbichi. Rudisha kopo la pili kwa sekunde chache. Halafu iache ikae hewani, nusu saa ukiweza, alkoholi iishe. Ukiitia kwenye taa ikiwa na alkoholi ndani, utakomaza alkoholi ikiwa imefungiwa humo.

Kisanduku cha kukomazia kwa resini nyingi za mdomoni kinatakiwa kiwe na joto, mara nyingi nyuzi 60, kwa muda uliotajwa kwenye maelekezo. Joto linazipa molekuli nafasi ya kusogea na kushikana. Mwanga peke yake hauikamilishi kazi. Geuza kazi katikati ya muda. Na juu ya jua: najua, tunalo la bure tena kali. Litumie kukomazia taka. Kwa kitu cha mdomoni jua haliwezi kukuambia limetoa mwanga kiasi gani leo, na saa sita ya mawingu si saa sita ya jana.

Kama uso unabaki unanata hata baada ya kukomaza, mkosaji ni hewa. Oksijeni inazuia tabaka la juu kabisa lisigande. Resini nyingine zinataka zikomazwe ndani ya gesi ya naitrojeni, nyingine zinaruhusu uzizamishe kwenye bakuli la kioo lenye glisirini, ileile ya duka la dawa. Maelekezo yakikubali, fanya, kisha osha kwa sabuni na maji.

Mgonjwa akisema kikinga kina ladha ya dawa au kinamwasha fizi, usimwambie atazoea. Mvue, ujiulize ulikiosha vipi.

Mabaki: karatasi za kufutia, glavu na nguzo zitandaze juani mpaka zikauke na kuwa ngumu ndipo ziende kwenye taka. Isopropili chafu haimwagwi kwenye sinki. Ihifadhi kwenye dumu lililofungwa, kivulini, mbali na moto, na uikabidhi kwa wanaokusanya taka hatarishi za hospitali.

Hatua ya 5: Kumaliza na kuvisha

Kata nguzo, lainisha kwa msasa, ng'arisha kwa pumisi (unga wa kung'arishia) na gurudumu la kitambaa. Usiguse ndani. Kijaribu kwanza juu ya modeli uliyoichapa kutoka skani ileile. Hapo utajua kama kosa ni la kubuni. Kikiingia kwenye modeli na kikakataa mdomoni, kosa ni la skani. Kipimo hicho kimoja kingeniokolea ile wiki yangu.

Kuvisha ni kazi ya daktari. Ataweka karatasi ya rangi, mgonjwa ang'ate, na alama zinatakiwa zionekane pande zote mbili kwa usawa. Palipokoza panapunguzwa kidogo kidogo. Mweleze mgonjwa asafishe kwa maji baridi na sabuni, asikichemshe, na asikiache kwenye dashibodi ya gari. Gari lililofungwa mchana wa Februari limenipindia vikinga viwili.

Ukishazoea

Mwongozo wa upasuaji wa kupandikiza jino unafuata hatua zilezile, ila unaunganisha skani ya mdomo na picha ya CT ya taya, na unaweka bomba dogo la chuma linaloelekeza keekee. Hapa resini lazima ivumilie kuchemshwa kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Acha madirisha ili daktari aone kama mwongozo umekaa juu ya meno sawasawa. Tena mkumbushe kwamba mwongozo unaweza kuzuia maji ya kupoza yasifike kwenye mfupa, na mfupa huanza kufa ukikaa kwenye nyuzi 47 kwa dakika moja. Usiichukue kazi hii peke yako bila daktari kusaini mpango.

Meno bandia kamili huchapwa ufizi peke yake na meno peke yake, yakaunganishwa kwa resini ileile na kukomazwa pamoja. Faida kubwa kwangu ni jaribio: unachapa seti ya bei ndogo, mzee anaivaa, anaongea, anasema meno ni marefu, unarekebisha faili badala ya kupanga upya kwenye nta. Fremu za meno bandia za chuma cha kobalti na kromu huchapwa kwa leza kwenye unga wa chuma, mashine ambayo maabara ndogo haiigusi. Sisi tunachapa fremu kwa resini inayoungua, kisha tunasubu kama zamani.

Krauni za muda ni nyepesi kuchapa, lakini zinatoka na rangi moja. Kwa mgonjwa wa Maji ya Chai, kule Arusha, au popote maji yana floridi nyingi, jino jeupe tupu katikati ya meno ya kahawia linapiga kelele. Utahitaji rangi za kupaka na mkono wa zamani.

Faili la kila kikinga nalihifadhi na tarehe, jina la resini na namba ya chupa. Mgonjwa akipoteza au kuvunja, kingine kinachapwa jioni ileile bila kumwita kwa kipimo. Ila kabla ya kubonyeza kitufe namuuliza daktari swali moja: tangu siku ile, kuna jino lolote limezibwa, limevunjika au limeng'olewa? Likiwapo, tunaanza tena kwa pamba na hewa.